Fundi Alisema Upepo

Mdogo wangu alinipigia simu Alhamisi jioni nikiwa nasahihisha madaftari. "Dada, wanunuzi wa chuma chakavu wako hapa Kihanga. Wanaitaka ile mashine ya gari la baba. Niwape?" Nikamwambia asiwape, wasubiri Jumamosi nije mwenyewe. Akaniuliza nije kufanya nini, kwani mashine siku hizi zinaagwa? Nikakata simu. Ana mdomo yule mtoto, lakini safari hii alikuwa amepatia. Nilikuwa nakwenda kuaga.

Nilifika saa nne asubuhi. Mashine ilikuwa palepale, nyuma ya jiko, juu ya magogo mawili ya mikaratusi. Mmea wa maboga ulikuwa umeipanda hadi juu, na kuku mmoja alikuwa ametagia pale palipokuwa na feni. Gari lenyewe lilikwisha zamani, kipande kwa kipande. Mlango wa kushoto uko kwenye banda la mbuzi mpaka leo. Kiti cha dereva alikichukua jirani, akakalia barazani kwake hadi sponji ikamwisha. Mashine tu ndiyo haikuguswa, kwa sababu bibi alikataa isiguswe, na bibi akikataa kitu pale nyumbani yalikuwa yamekwisha. Alipofariki, watu wakaendelea kukataa kwa niaba yake bila kujua kwa nini. Mimi nilijua, na nikanyamaza.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, rafiki yangu, nafundisha Rubwera. Ukimaliza kusoma haya utaona kwamba Mungu naye ana utani wake.

Acha nikueleze nyumbani kwetu palivyokuwa, maana nakuona kama mtu tuliyecheza naye. Nyumba ilikuwa katikati ya kibanja, migomba imeizunguka pande zote, hata mvua ikija unaisikia kwanza juu ya majani ndipo ifike kwenye bati. Asubuhi nilianza kwa kufagia uwanja, halafu naanika kahawa, halafu bondeni kuchota maji. Kahawa mbichi ikikauka juani ina harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi, tamu mpaka inachosha, na nguo zetu zote zilinuka hivyo hadi shuleni. Mchana tulikula ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, zimefunikwa kwa jani la mgomba hadi zikawa laini kabisa. Bibi alikula mwisho. Kisha alikaa mkekani penye kivuli, kibuyu chake cha rubisi kimeegemea ukuta, anavuta kidogo ile pombe ya ndizi kwa mrija, anaendelea kupepeta maharage kwenye ungo. Jumapili alikuwa kanisani, benchi la mbele, kitenge safi, sauti yake juu ya zote. Hakuona ugomvi wowote kati ya kibuyu na kanisa, na mchungaji naye alikuwa na akili ya kutouanzisha.

Na baba alikuwa na gari. Ilikuwa pikapu ya dizeli, kuukuu, hata rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Alibeba ndizi na kahawa za watu wa Kihanga kupeleka Kayanga, akirudi amebeba chumvi, saruji, mgonjwa aliyepona, chochote. Tuliisikia kabla haijaonekana. Mama alipika kwa sauti ile: ikibadilisha gia chini ya kilima anaongeza kuni, ikifika kwenye mikaratusi anaepua. Baba akizima gari, chakula kiko mkekani kinatoa moshi. Kwangu mimi huo ndio ulikuwa mpango wa dunia, na sikujua kama unaweza kuvunjika.

Siku moja tuliisikia ikibadilisha gia, mama akaongeza kuni, halafu ikatokea kelele ya chuma kikisaga chuma, na kimya. Chakula kiliungua. Baba alikuja kwa miguu.

Mashine ilikuwa imekufa kweli. Ilifunguliwa yote ikatandazwa juu ya maturubai uwanjani, na kwa miezi mingi sisi watoto tulifundishwa kupita pembeni. Baba alipeleka vyuma Bukoba vikachongwa, akarudi na pistoni mpya, ringi mpya, beringi mpya, kila kimoja kimefungwa kwenye karatasi yenye mafuta kama kipande cha sabuni. Alivipanga chini ya kitanda chake. Akatafuta fundi wa kuiunda upya, akampata Kayanga: Msukuma kutoka Mwanza, mtu mrefu, mpole, mwenye kofia ya sufi hata jua likiwaka. Akaja kwa bodaboda na sanduku lake la spana, akaiunda mashine mpaka ikakamilika, ikarudishwa ndani ya gari. Ilipendeza. Ilikuwa safi kuliko sisi. Ila ilikataa kuwaka.

Usiku huo baba alisema jambo moja tu wakati wa kula. Alisema rafiki yake alikuwa machimboni Geita na amemwita. "Likiwaka kabla ya Krismasi, nabaki hapa. Lisipowaka, naenda." Mama aliweka upawa chini. Jirani yetu wa upande wa juu alikuwa amekwenda huko kwa miezi mitatu, na mtoto aliyemwacha tumboni alikuwa tayari darasa la kwanza. Nililala nikiomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba: Mungu, washa gari. Niliirudia kila siku asubuhi na jioni, na shuleni nikiwa nafuta ubao.

Sasa hapa ndipo mimi ninapoingia. Bibi alijua Kinyambo tu. Fundi alijua Kisukuma na Kiswahili. Baba alijua vyote vinavyohitajika lakini mikono na kichwa vilikuwa ndani ya mashine, na mama alikuwa shambani. Bibi, kutoka mkekani kwake, alitaka kujua kila kinachosemwa juu ya gari la mwanawe. Nilikuwa darasa la tatu, wa kwanza darasani, nimezawadiwa kalamu kwa ajili ya imla. Nikawa mkalimani. Jamani, nilivyojiona! Nilisimama katikati ya gari na mkeka, mikono nyuma kama mwalimu mkuu, namwambia bibi kila neno, na nisilolijua nalitengeneza.

Fundi hakuwa mtu wa pupa. "Sikiliza kwanza, spana baadaye," ndiyo ilikuwa kauli yake. Baba anazungusha ufunguo, starti inalia nguu-nguu-nguu, mashine inazunguka lakini haishiki. Fundi akasema betri. Ikapelekwa Kayanga kuchajiwa, ikarudi, nguu-nguu-nguu ikawa kali zaidi, na haishiki. Akasugua vichwa vya betri na nyaya za starti kwa msasa. Haishiki. Akapima hita zinazopasha mashine joto, akabadilisha mbili. Haishiki. Siku iliyofuata akafungua nozeli, vile vyuma vinavyopulizia dizeli ndani ya mashine, akazifunga kwa nje kwenye mabomba yake, akamwambia baba apige starti huku sisi tukitazama. Tatu zikapuliza vizuri, ukungu mwembamba kabisa. Ya nne ikadondosha matone. "Hii inakojoa," fundi akasema, na mimi nikacheka mpaka baba akanikata jicho. Akaiosha kwa mafuta ya taa, akaisugua kwa brashi ya waya laini, akarudia mara tatu, nne, mpaka nayo ikapuliza.

Bibi akauliza nozeli ni kitu gani. Nikamwambia kwa Kinyambo ni chuchu, zinanyonyesha mashine. Bibi akafurahi sana. Akasema basi waache kumtukana mtoto, huenda tumbo linamuuma. Nikamtafsiria fundi, naye akavua kofia, akamwinamia: "Shikamoo bibi, wewe ndiye fundi, mimi kibarua tu." Siku ile ilikuwa nzuri. Nakwambia ukweli, nikihesabu siku nzuri za maisha yangu ile imo, na ndiyo inayoniuma kuliko zile mbaya.

Nozeli zikarudishwa. Haishiki. Ilikuwa msimu wa senene tayari, watoto wenzangu wanakimbizana nao kwenye nyasi alfajiri, mimi siendi, nawahi kufagia niwe tayari fundi akifika. Krismasi ilikuwa inakuja.

Asubuhi hiyo fundi akalegeza nati za mabomba yanayokwenda kwenye nozeli, akashika kile kitufe kilicho juu ya chujio la dizeli, akapampu kwa mkono. Dizeli ilipaswa kutoka safi. Ikatoka povu, mapovu madogo madogo kama ya sabuni. Akakaza, akalegeza, akapampu tena. Povu. Akajifuta mikono, akamtazama baba, na maneno aliyosema nayajua kwa moyo: "Ina upepo hii. Umeingia ndani, hautaki kutoka. Tunautoa, unarudi."

"Amesema nini?" akauliza bibi.

Nilijua upepo ni nini, usinicheke. Upepo ni ule unaopasua majani ya migomba. Lakini upepo utaingiaje ndani ya chuma kilichokazwa kwa nati? Na upepo gani huo una kiburi, unatolewa unarudi? Jumapili iliyopita tu, shule ya Jumapili, tulikuwa tumefundishwa habari ya pepo aliyefukuzwa akarudi mahali pake. Nikaunganisha. Nikaona fundi, kwa kuwa ni mtu wa mbali, amelitamka neno vibaya kidogo, na mimi wa kwanza darasani nitamsaidia. Kwa Kinyambo upepo ni omuyaga. Mimi nikasema, "Omuzimu."

Baba alikuwa ameshainamia mashine tena, hakusikia. Bibi akaweka ungo chini. "Unatoka wapi?"

Nikamgeukia fundi. "Bibi anauliza unatoka wapi."

Fundi akafurahi kwamba bibi anafuatilia. Akasema, "Mwambie unatoka huko nyuma, upande wa tangi."

Nikasema hivyo hivyo. Nyuma. Na nyuma ya nyumba yetu, hatua kama ishirini ndani ya migomba, ndipo alipozikwa babu. Bibi hakuuliza tena. Gari lile lilinunuliwa kwa ng'ombe wa babu, waliuzwa mwaka uliofuata baada ya kifo chake. "Hakuna aliyekwenda kumwambia," bibi alisema, si kwangu, kwa ungo. "Ng'ombe wake wamegeuzwa chuma, na hakuna aliyekwenda kumwambia."

Miaka yote hii nafundisha ngeli, na kila mwaka nafika hapo. Angekuwa pepo, fundi angesema "ameingia". Alisema "umeingia". Herufi moja! Lakini mzimu nao huingia kwa "u", na kwa lugha yetu ya nyumbani omuyaga na omuzimu huvaa kiambishi kimoja, kwa hiyo sikio langu la Kinyambo halikushtuka. Na nikiwaambia wanafunzi watoe wingi wa "upepo", lazima mmoja aandike "pepo", na darasa zima linacheka, na mimi naandika alama ya vema kwa sababu amepata. Kisha nageukia dirisha kidogo.

Sasa sikiliza kilichotokea siku hiyohiyo, saa sita. Fundi alifuata bomba kwa vidole kutoka kwenye tangi hadi kwenye pampu, polepole, mpaka akakuta mahali penye unyevu. Kwenye kiungio kimoja kulikuwa na wosha ya shaba, kile kipete cha kuziba kiungio, imeliwa, nyembamba kama ganda la kitunguu. Upepo ulikuwa unaingilia hapo. Akazungushia uzi uliopakwa sabuni, akakaza, akapampu hadi dizeli ikaanza kutoka bila povu. Akamwambia baba ajaribu.

Likawaka! Moshi mweupe ukajaa uwanja, kuku wakatawanyika, mama akasikia kutoka shambani akapiga vigelegele hukohuko kwenye migomba kabla hajatokea. Liliunguruma kwa muda wa kusali Baba Yetu moja, halafu likazima. Fundi wala hakujali. "Ni ile wosha tu," alisema. "Uzi hauwezi. Tukipata wosha kesho, limekwisha." Baba alicheka, na sikuwa nimemwona akicheka tangu mashine ilipokufa. Wakapanda bodaboda wote wawili kwenda Kayanga kutafuta wosha. Mama akarudi shambani huku anaimba.

Ilibaki wosha moja, rafiki yangu. Kiduara cha shaba kinachoweza kupotea kwenye kiganja. Mengine yote yalikuwa yamekwisha.

Bibi naye alikuwa ameona likiwaka na kuzima: umetolewa, umerudi, kama nilivyomtafsiria. Akanyanyuka mkekani. Akavaa kitenge chake cha kanisani. Akachukua kibuyu, akanishika mkono, akaniambia nimwonyeshe mahali ambapo gari linanywea. Mimi nilijua kifuniko cha tangi kilipo, nilikuwa nimemwona baba mara nyingi. Nikakifungua kwa mikono yangu miwili, kilikuwa kigumu. Bibi akasimama ameelekea kwenye kaburi, akazungumza na babu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamweleza mtu aliyechelewa kufika. Akamwambia ng'ombe hawakupotea, wako humu, wanabeba ndizi za watu. Akamwambia mwanawe anataka kwenda mbali na yeye mzee hataki. Akamwomba anywe, atoke, aache chuma kifanye kazi. Kisha akamimina rubisi yote, kibuyu kizima, hadi tone la mwisho. Harufu ya ndizi iliyochacha ikachanganyika na ya dizeli. Nikafunga kifuniko. Akanibusu kiganja. Nilijisikia nimefanya kitu kikubwa sana.

Rubisi ni nzito kuliko dizeli. Inazama. Inakwenda kulala chini kabisa ya tangi, pale hasa mdomo wa bomba unapovutia. Hilo sikufundishwa darasa la tatu.

Kesho yake asubuhi wakaja na wosha. Fundi akaibadilisha, akatoa upepo, safari hii dizeli iliyokuwa imebaki kwenye chujio ikatoka safi kama chozi. Baba akazungusha ufunguo, na gari likawaka mara moja, likatulia, likanguruma sauti ileile ya zamani. Majirani walikuwa wamekusanyika. Baba akapiga honi. Akaliendesha kutoka uwanjani, akapita kwenye migomba hadi barabarani, na sisi watoto nyuma tukikimbia, mimi mbele ya wote.

Barabarani likakohoa. Likapiga ko-ko-ko, kama mtu anagonga sufuria kwa nyundo, likatetemeka lote, likazima.

Baba akapiga starti mpaka betri ikalegea. Majirani wakasema lisukumwe. Tukalisukuma kwenye mteremko, wanaume kumi na watoto wote, fundi mwenyewe akisukuma, likashika kidogo, likagonga, likazima. Tukasukuma tena. Na tena. Nilisukuma kwa kichwa, kwa mgongo, nikiisema ile sala yangu. Sikujua kwamba kila tulipolisukuma tulikuwa tunaivuta rubisi kutoka kwenye tangi, tunaipitisha kwenye chujio na pampu, tunaifikisha kwenye nozeli zenyewe. Tuliliua kwa nguvu zetu zote, tukiimba.

Likavutwa kurudi uwanjani. Fundi akalegeza nati moja, kikatoka kitu cha rangi ya udongo. Akakinusa. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. "Hii ni pombe," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetukanwa. Akafungua nozeli. Sindano zake zilikuwa zimeng'ang'ania ndani, sukari ya ndizi imeiva juu yake ikawa gundi nyeusi. Aliziloweka kwenye petroli, akazichemsha, akazigonga taratibu kwa kipande cha mti. Alifanya kazi ile hadi alasiri bila kula. Mbili zilikataa kabisa kufunguka, moja ilipasuka ncha, moja ilidondosha tu. Pampu nayo ilikuwa imekwama. Akaanza kumuuliza baba nani pale kijijini ana wivu naye. Watu wakatazamana.

Bibi alikuwa mkekani, ametulia, anasubiri kusifiwa. Akamuuliza baba kwa Kinyambo, "Umetoka?"

Baba akadhani anauliza upepo. Akajibu bila kugeuka, "Umetoka, mama. Ulitoka."

"Nilijua atakunywa," bibi akasema. "Nilimpa kibuyu kizima."

Nilimwona baba akiacha kusogea. Alikuwa ameshika nozeli. Akageuka taratibu, akamuuliza mama yake nani alimwambia kuna mzimu. Bibi akasema, fundi mwenyewe, jana, hapahapa.

Fundi akasikia anatajwa. Akaniuliza, "Bibi anasema nini?"

Nikamwambia, "Anasema pole."

Baba alijua Kinyambo na alijua Kiswahili. Alisikia swali na alisikia jibu langu. Alinitazama. Sijawahi tena kutazamwa hivyo na mtu yeyote. Hakukuwa na hasira ndani yake, na ningeipokea hasira, ningekimbilia kwenye migomba nikalie na mambo yakaisha. Alinitazama kama anasoma barua. Kisha akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, akanawa muda mrefu, akamwambia fundi asante, umefanya kazi yako. Nozeli na pampu mpya zilikuwa Mwanza, na baba hakuwa na cha kuuza ili avinunue.

Aliondoka siku chache kabla ya Krismasi. Asubuhi ile aliniita nyuma ya jiko. Nilitaka kukiri, nilikuwa nimeyapanga maneno, lakini aliniwahi. "Alichofanya bibi alikifanya kwa kunipenda. Asijue kamwe kwamba ulikuwa upepo. Umenisikia?" Nikasema nimesikia. Akaweka kiganja juu ya kichwa changu, kinanuka dizeli bado. "Soma Kiswahili vizuri, mama," aliniambia. Alikuwa ananiita mama siku zote, kwa sababu nina jina la bibi. Akashika mfuko wake akatembea hadi barabarani.

Alirudi mara tatu. Kila mara alikaa siku chache kuliko mara ya nyuma. Halafu simu yake ikawa haipatikani, na halafu akaja mtu kutuambia kwamba kifua kilimsumbua na kwamba wamemzika hukohuko. Kwetu mtu huzikwa kwenye kibanja chake, kati ya migomba yake. Yeye yuko kwenye udongo mwekundu wa watu, sijui hata upande gani wa barabara, na hakuna anayekwenda kumwambia chochote.

Bibi aliishi miaka mingi baada yake. Kila siku jioni alikwenda kwenye mashine, ambayo wakati huo ilikuwa imeshatolewa kwenye gari, akamwaga rubisi kidogo juu yake. Na unajua alikuwa anajilaumu kwa nini? Kwamba alimpa babu kidogo. Aliniambia hivyo mara ngapi! "Kibuyu kimoja hakikumtosha. Ningempa viwili, mwanangu angebaki." Aliniambia nikiwa sekondari, nikiwa chuo, nikiwa tayari mwalimu mwenye vitabu vya ngeli kwenye mkoba. Nami nilikuwa na neno moja la kumtua mzigo ule na nilikuwa nimekatazwa kulisema. Au nilijificha nyuma ya katazo, sijui tena. Labda niliogopa asingenishika mkono tena. Alikufa akimwomba radhi babu, mtu ambaye hakuwahi kumkosea, na mimi nikiwa nimekaa kando ya kitanda, nampepea.

Jumamosi ile, basi, wale vijana wa chuma chakavu waling'oa mmea wa maboga, wakamhamisha kuku, wakapitisha minyororo. Walikuwa wanne na walitokwa jasho. Mmoja wao alipangusa udongo kwa mkono, akachungulia kwenye tundu la nozeli, akashangaa, akasema mashine hii ndani ni mpya kabisa, haikutumika. Akaniuliza, "Mama, kwani hii ilikuwa na ugonjwa gani?"

"Upepo," nikamjibu.

Wakacheka. "Upepo tu? Si ungetolewa?"

"Ungetolewa," nikasema.

Gari lao likaondoka nayo. Nililisikia likibadilisha gia chini ya kilima, na jikoni kwa mdogo wangu hakuna aliyeongeza kuni. Siku hizi hakuna anayepika kwa sauti ya mtu anayerudi. Uwanja wa kahawa umeota nyasi, mkeka haupo, na hata Kinyambo chenyewe wanangu wanakisikia kama redio ya nchi nyingine. Pale mashine ilipokaa pamebaki weusi wa mafuta.

Nikaingia kwenye migomba hadi lilipo kaburi la bibi, karibu na la babu. Nilikuwa nimejitayarisha kusema mengi, mimi mwenye kazi ya kusema. Nikapiga magoti, nikainama nimkaribie, kama alivyokuwa akitaka alipoanza kutosikia vizuri.

"Omuyaga, bibi," nikamwambia. "Fundi alisema omuyaga."